Uzi: Neno "primer" limenitoa jasho. Fundi rangi, maabara na kitabu cha sala wanakutana wapi?

#1 Kalamu Butu

Wakuu, habari za muda huu. Nianze na aibu yangu, mada itajileta yenyewe.

Kazi yangu ni kutafsiri. Majuzi nilipewa maelekezo ya kopo la rangi ya ukuta, kurasa nne za Kiingereza, nikasema hii hela ya chai naimaliza kabla ya adhuhuri. Mstari wa tano ukasema kabla ya rangi yenyewe ianze "primer". Neno nalijua tangu shuleni: kile kitabu chembamba cha kumfungulia mtu somo. Wala sikusita. Nikaandika: "Ukuta ukishakauka, paka tabaka moja la utangulizi."

Mwenye kazi akampa fundi wake asome aone kama inaeleweka. Jioni simu ikaita, namba ngeni. "Kaka, wewe ndiye uliyeandika hii karatasi? Huo utangulizi unauzwa kwa lita au kwa kilo?"

Tangu siku hiyo nalifukuzia hili neno kamusi kwa kamusi, na kila nikifungua mlango nakuta watu wengine ndani: wachapishaji, wawindaji, watu wa maabara, warembo. Nitaleta kwa vipande. Mwenye lake aweke.

Kipande cha kwanza, kitabu. Mzizi ni Kilatini, "primus", yaani wa kwanza. Humo ndimo zilimotoka "primary" ya shule ya msingi na "prime" ya waziri mkuu. Lakini Uingereza ya karne ya 14, primer hakikuwa kitabu cha kujifunzia kusoma. Kilikuwa kitabu cha sala cha waumini wa kawaida, wasio mapadri wala watawa: sala za saa mbalimbali za siku, zaburi, litania, sala za marehemu. Nyumba iliyobahatika kuwa na kitabu, mara nyingi kitabu chenyewe kilikuwa hicho. Sasa mtoto akitaka kufundishwa herufi, atafundishwa kwa kipi? Kwa hichohicho. Chaucer, mshairi aliyefariki 1400, ana mtoto wa miaka saba ameketi shuleni na "prymer" yake, huku masikio yako kwa wenzake wakubwa wanaoimba wimbo wa Kilatini wa Bikira Maria. Kitabu cha sala kikawa kitabu cha shule bila mtu kutangaza.

Mwaka 1545 mfalme Henry VIII akatoa primer yake, na palepale kwenye ukurasa wa jina pakaandikwa kwamba isitumike nyingine yoyote katika himaya yake yote. Kumbe sera ya kitabu kimoja haikuanzia kwetu.

Kisha ikavuka bahari. Boston, mwishoni mwa karne ya 17, mchapishaji Benjamin Harris akatoa primer ya watoto wa makoloni ya New England. Herufi A ilifundishwa kwa kibwagizo cha mistari miwili: kwa anguko la Adamu, sote tulitenda dhambi. Mtoto hajajua hata B ni ipi, tayari ana deni.

Nameza maji, narudi.

#2 Nimekuja na Kiti

Nimeweka kambi hapa. Endelea mkuu, bando lipo.

#3 Fundi Rangi Tabata

Ni mimi niliyekupigia simu. 😂 Sikujua kama ungenianika huku.

Haya, nikusomeshe. Ukuta mpya wa plasta ya saruji una mambo mawili. La kwanza, unakunywa. Ukiupaka rangi kavukavu, maji ya rangi yote yanaingia ndani, juu inabaki unga. Ukipitisha kiganja kinatoka cheupe kama mwalimu wa hesabu. La pili, saruji ina ukali wake, ule unaokula vidole vya mafundi ujenzi. Ukali huo unaila rangi, hasa ya mafuta, inakuwa kama sabuni, inavimba na kubabuka. Ndiyo maana tunataka plasta ikae, siku 28 zikipatikana ni vizuri zaidi, halafu praima. Praima inafanya kazi mbili: inauziba ukuta kiu, na inaacha juu kitu ambacho rangi itashika.

Geti la chuma ni habari nyingine. Pale unapiga msasa kutu itoke, unapaka ile nyekundu ya udongo tunayoita redoksaidi, ambayo nayo ni praima. Bati jipya linalong'aa, hilo ndilo kiburi kuliko vyote. Ukilipaka rangi bila praima yake maalumu, mvua mbili tu unaikusanya chini kama maganda ya kitunguu.

Sasa mteja wa mjini ukimwambia praima anasema unamwongezea gharama. "Fundi, si itafunikwa? Nani ataiona?" Namwambia mama, haionekani leo. Mwakani utaiona.

Kwa hiyo si utangulizi. Utangulizi unaweza kuuruka, kitabu kikasomeka.

#4 Kalamu Butu

Fundi, hiyo sentensi yako ya mwisho naichukua. Mimi utangulizi wa vitabu nauruka kila siku.

Na ona ajabu: huo ukuta wako una kitenzi chake. Waingereza walikuwa na kitenzi "prime" tangu karne ya 16, na kazi yake haikuwa kusoma. Kilikuwa kitenzi cha bunduki: kuipa silaha baruti ya kuwashia. Rangi ya kwanza ya ukuta na ubao inafuata mnamo 1600. Yaani primer ya kitabu na primer ya rangi ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali: zote asili yake ni "wa kwanza", lakini moja imepitia kanisani, nyingine imepitia vitani.

Kuna mtu wa bunduki humu?

#5 Mzee wa Gobori

Nipo. Babu yangu alikuwa na gobori la kuwindia ngiri, na kabla yake kuna bunduki za gumegume zilizoletwa pwani karne ya 19 zikapanda bara na misafara.

Gumegume ni jiwe. Bunduki yake unaipakia kwa mdomo: baruti, kisha risasi, unashindilia kwa mdeki. Hapo bado hujafanya kitu. Ubavuni, karibu na kifa, kile kitobo kinachoingia ndani ya mtutu, kuna kisahani kidogo. Humo unatia baruti laini, kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Ukivuta, jiwe linagonga chuma, cheche zinaangukia kwenye kisahani, mwali unapita kwenye kifa, ndipo mzigo wa ndani unalipuka. Hiyo baruti ya kisahanini ndiyo Mwingereza alikuwa anaitilia kitenzi chake.

Na mara nyingi ilikuwa inawaka ya kisahani peke yake. Moto puu, moshi usoni, nyusi zimeungua, bunduki kimya, ngiri huyo. Mimi naona ndiyo maana hadi leo wakisema fulani ni mwanamume gumegume hakuna anayehitaji kamusi.

Baadaye jiwe likaondoka, kikaja kikofia kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka ikigongwa. Kwa Kiingereza nacho ni primer. Sisi tulikiita fataki. Ndiyo fataki hiyohiyo, kabla redio haijalifanya jina la mababa wanaowanyemelea wanafunzi.

#6 Kalamu Butu

Mzee, umenimaliza. Niongeze kidogo tu kwenye fataki: dawa hiyo inayolipuka kwa kugongwa, aliyepata hataza ya kuitumia kwenye bunduki mwaka 1807 ni Alexander Forsyth, na huyu alikuwa mchungaji wa kanisa kule Belhelvie, Scotland. Alipenda kuwinda ndege wa majini. Mwali wa kisahani ulikuwa unawashtua ndege wanaruka kabla risasi haijawafikia, akatafuta njia ya kuondoa ule mwali. Kwa hiyo primer ya kitabu imetoka kanisani, na ya risasi nayo imepitia mikononi mwa mchungaji. Sitengenezi hadithi.

#7 Mlinzi wa Lugha

Nasoma nasikitika. Kurasa nzima za praima, praima, praima, kana kwamba Kiswahili ni maskini. Tuna utangulizi, tuna dibaji, tuna mukadima, tuna kitangulizi, tuna kianzio. Mtafsiri achague moja atulie, na fundi azoee. Lugha inajengwa hivyo.

#8 Alifu kwa Kijiti

Ustadh Mlinzi, tuzipime hizo zako moja moja.

Dibaji ni Kiarabu kilichopokea kutoka Kiajemi, na asili yake ni kitambaa, hariri ya nakshi. Ukurasa wa kwanza wa kitabu ulikuwa unarembwa kama kitambaa hicho, jina likahamia kwenye maneno yenyewe. Dibaji ni pambo. Ukuta wa fundi haujaomba pambo, umeomba kuzibwa kiu.

Mukadima inatokana na neno la kuwa mbele, mzizi mmoja na kadamnasi yetu, mbele za watu. Ibn Khaldun aliandika Mukadima mwaka 1377 iwe mlango wa historia yake, na leo mlango unasomwa kuliko nyumba. Utangulizi ni kutangulia, kutembea mbele. Na "preamble" ya Kiingereza nayo kwa Kilatini chake ni kutembea mbele vilevile. Maneno yote haya ni ya kuongoza njia. Hakuna hata moja lenye maana ya kushikisha.

Halafu kuhusu kitabu cha kwanza, nikupe cha kwetu Tanga. Mimi nimesoma chuoni kwa ubao, wino wa masizi, ukishahifadhi unaosha unaandikiwa upya. Alifu, bee, tee, kisha irabu, ba fataha ba, hadi ulimi ulegee. Ukimaliza hapo unapewa juzuu, na juzuu yenyewe ni Amma. Amma ni ya 30, ya mwisho kabisa katika msahafu! Tena mtoto anaanza na sura za mwishoni, zile fupi, anarudi nyuma. Kwa hiyo kitabu cha kwanza cha mtoto wa Kiislamu pwani ni mwisho wa kitabu. Mwalimu hakutafuta kilichotangulia kwa namba. Alitafuta kitakachoshika kichwani.

#9 Kalamu Butu

Mwalimu, hapo kwenye ubao umenikumbusha kitu. Watoto wa Uingereza nao walikuwa na ubao wao, karne ya 15 mpaka ya 18: kibao chenye mpini kama cha kuchezea mpira wa meza, juu yake karatasi moja ya herufi na Baba Yetu, na karatasi ikafunikwa kwa pembe ya ng'ombe iliyochongwa nyembamba hadi ikapitisha mwanga, ili vidole vya watoto visiichafue. Mstari wa herufi ulitanguliwa na alama ya msalaba. Wa kwao hauoshwi, wa kwenu unaoshwa. Sijui yupi alihifadhi zaidi, ila aliyejua ubao utaoshwa kesho bila shaka alikaza.

Na kuna jambo la saa ambalo sisi Waswahili ndio tunaweza kulielewa bila kuelezwa. Zile sala za saa kwenye primer ziliitwa kwa namba: prima, tertia, sexta, nona. Ya kwanza, ya tatu, ya sita, ya tisa. Warumi walihesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Soma tena: saa tatu, saa sita, saa tisa. Ni saa zetu hizihizi! Mwingereza wa leo anahitaji jedwali kujua kwamba "sexta" ni jua la utosi. Mtoto wa Kigamboni anajua ni saa sita, basi. Mhispania akilala mchana anaita siesta, kumbe anasema saa sita. Na "noon" ya Kiingereza ni ileile nona, saa tisa ya alasiri, ambayo karne kwa karne ilirudishwa nyuma mpaka ikaangukia saa sita mchana. Wapo wanaosema hata jina la kitabu chenyewe linahusiana na prima, sala ya saa ya kwanza asubuhi.

Niliposoma hilo nilisimama nikazunguka meza.

#10 Nimekuja na Kiti

Aisee. Kumbe saa zetu ni za Kirumi na mzungu ndiye amepotea njia.

#11 Kalamu Butu

Usiende mbali sana mkuu. Jua ni la wote, kila aliyekaa karibu na ikweta angehesabu hivyo bila kumwuliza Mrumi.

#12 Dada wa Maabara

Nimevumilia mpaka hapa nimeshindwa. Sisi neno hili tunalitumia kila siku na hakuna anayetukumbuka.

Mwaka 2020 mlipochokolewa pua kupimwa korona, sampuli ilikwenda kwenye mashine ya PCR. Ndani yake kazi ni kunakili kipande cha vinasaba mpaka kiwe kingi kiasi cha kuonekana. Anayenakili ni kimeng'enya. Kimeng'enya hiki kina kasoro moja ya kuzaliwa nayo: hakijui kuanza. Ukikiwekea uzi mmoja mrefu wa vinasaba kinakaa kinautazama. Kinajua kuendeleza tu. Mpaka umwekee kipande kifupi, herufi kama 20 hivi, kilichoshikamana na ule uzi mahali pake hasa. Hapo kinashika mwisho wa kile kipande, kinaendelea mbele kuongeza herufi moja moja. Kipande hicho ndicho primer. Na si maabara tu, hata ndani ya mwili wako, seli kabla haijagawanyika kuna kimeng'enya kingine kabisa ambacho kazi yake ni kutengeneza vianzio hivyo.

Tunaweka viwili, kimoja kila upande. Joto la nyuzi 95, nyuzi mbili zinaachana. Linashuka, vianzio vinajibandika. Linapanda hadi 72, kimeng'enya kinafanya kazi. Kimoja kinakuwa viwili, viwili vinne, vinne vinane. Mizunguko 30 ikienda bila hasara umevuka bilioni moja kutoka nakala moja. Kary Mullis aliyepata wazo hilo mwaka 1983 alipewa Nobel ya kemia mwaka 1993. Na kimeng'enya kisichoiva kwenye joto hilo kilitoka kwa bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani.

Primer inakuja imekaushwa, unga kidogo chini ya kichupa ambao huuoni kwa macho. Mwanafunzi wangu wa mazoezi alifungua kofia bila kukizungusha kwanza kwenye mashine ili unga ushuke chini. Pumzi moja, primer yote hewani. Tulikaa wiki tatu tunasubiri nyingine. Bosi hakusema kitu, alimtazama tu, na mimi ndiye niliyeumwa tumbo.

Ustadh Mlinzi, "kianzio" kwetu kinafaa kabisa, kwa sababu kazi yake kweli ni kuanzisha. Lakini mwambie fundi apake kianzio ukutani uone.

#13 Mama Vipodozi

Na sisi je? Bibi harusi wa Dar mwezi wa pili, ukumbi feni mbili, ukimpaka faundesheni bila praima picha za saa nne usiku zinatoka uso umegawanyika kama ramani ya mito. Praima kwanza, unaiacha dakika chache, inajaza vishimo vya ngozi, ndipo upake. Fundi Rangi, mimi na wewe kazi yetu moja, tofauti ukuta wako haulalamiki.

#14 Fundi Rangi Tabata

Na haulii ukaharibu kazi wakati wa kukabidhi zawadi.

#15 Mlenda wa Lubumbashi

Bandugu, jambo kwenu. Huku kwetu tunasoma kwa Kifaransa, na Kifaransa hakikubali hii michezo. Kila kazi ina jina lake. Ile ya rangi ni "apprêt", maandalizi. Ile ya bunduki na ile ya maabara ni "amorce", na amorce ni vilevile chambo ya samaki. Nafikiri chambo ni neno zuri kwa dada wa maabara: unaweka kidogo, kikubwa kinakuja kushika. Kitabu cha watoto ni "abécédaire", a-be-ce-de. Hakuna anayechanganya kitabu na ndoo ya rangi.

Lakini mjihadhari na "prime" ya kwetu. Hiyo ni posho, ile ambayo wazazi wamelipa walimu miaka na miaka huku Congo. Mtu anaweza kufikiri ni ndugu ya primer. Si ndugu. Hiyo imetoka kwa "praemium" ya Kilatini, zawadi, ikapita kwa "premium" ya Kiingereza. Zinafanana sura tu, sawa vile watu wawili kwenye basi.

Ndugu wa kweli wa primer tunaye: bia ya Primus! Iko Congo, iko Rwanda, iko Burundi. Primus, ya kwanza. Ya kwanza haina shida, shida iko kwa ya sita.

#16 Kalamu Butu

😂😂 Mzee wa Lubumbashi, hapo umetugusa wengine.

Primus mwingine ni jiko. Wale wa zamani mnalikumbuka, la shaba, la kupampu, linanguruma kama gari la mlimani. Frans Wilhelm Lindqvist wa Sweden alilitoa mwaka 1892. Bibi yangu alikuwa nalo, na sindano yake ya kuzibulia aliichomeka kwenye kalenda ukutani isipotee. Kulikuwa na kisahani kizunguko chini ya kichwa. Unatia spiriti, unawasha, unasubiri kichwa kipate moto, kwa sababu mafuta ya taa lazima yageuke mvuke kwanza. Ukikosa subira ukapampu mapema, linatema mafuta yanayowaka mpaka darini. Kile kitendo cha spiriti, kwa Kiingereza ndicho hichohicho "priming". Jiko jina lake ni wa kwanza, na kuliwasha ni kulifanyia ukwanza. Kisahani, mwali mdogo, kisha mwali mkubwa: Mzee wa Gobori, si bunduki yako ile?

#17 Mzee wa Gobori

Ndiyo yenyewe. Tofauti jiko la bibi yako lilikuwa linawaka.

#18 Kijana wa Kisumu

Wadau, swali la kizungumkuti. Mbona Wamarekani kitabu wanakitamka "prima", i fupi, na rangi "praima"? Lecturer wetu alisomea huko, alimkosoa mwanafunzi mbele ya darasa, mwanafunzi akaja na kamusi ya Uingereza yenye "praima" kwa kitabu. Kikao kiliisha vibaya.

#19 Kalamu Butu

Wote wawili walikuwa sahihi na wote wawili walikosa adabu.

Kitabu kwa matamshi ya zamani ni "prima", i fupi. Marekani wamelihifadhi kwa kitabu tu, na rangi, risasi na vinasaba vyote ni "praima". Uingereza ya leo wengi wanasema "praima" kwa kila kitu. New Zealand wao hata madarasa ya mwanzo ya shule waliyaita hivyo kwa i fupi, watoto wakawa "primmers", kama sisi tulivyowaita wetu vidudu. Wachapishaji wa kale nao walikuwa na saizi za herufi zilizobeba jina hilo: ya pointi kama 10 na nyingine kubwa ya kama 18, nazo zilitamkwa kwa i fupi.

Kwa hiyo Mmarekani ukimsikiliza tu unajua ameshika kitabu au brashi. Fundi wa Tabata hajawahi kusoma haya na anatamka sahihi kuliko lecturer.

#20 Mjukuu wa Ukerewe

Nami nina ya kwangu, ndogo. Serikali ilipotangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, sisi Kanda ya Ziwa tayari tulikuwa na mradi wa UNESCO tangu 1968, wa kisomo cha kazi. Vitabu vyake wataalamu waliviita primer kwenye ripoti zao. Kila kazi ilikuwa na chake: pamba, uvuvi, ng'ombe, migomba. Hawakuanza na "baba" na "mama". Walianza na kitu ambacho mtu anakishika kila siku.

Bibi yangu alisoma cha pamba. Hadi amezeeka, ukimpa karatasi ya kusaini aliandika jina lake polepole, lakini neno "pamba" aliliandika kwa mkupuo mmoja, kwa mwandiko wa kulala, kama karani. Pa, pe, pi, po, pu. Mwalimu wao alikuwa kijana wa darasa la saba, nao walimwita mwalimu na kumwamkia shikamoo, watu wa umri wa mama yake. Yeye akiona haya anaitikia huku anatazama ubao.

Wala hakukiita primer. Alikiita kitabu cha kisomo.

#21 Mlinzi wa Lugha

Haya, nimelegea kidogo. Kitabu cha kisomo ni kizuri. Kianzio kwa maabara, sawa. Fataki kwa risasi, na tunayo tangu zamani. Lakini rangi? Mtaacha "praima" hivihivi?

#22 Fundi Rangi Tabata

Mzee wangu, brashi ni ya nani? Rola ni ya nani? Plasta je? Mbona hizo hujazilalamikia? Ukienda dukani sema praima, utapewa praima. Ukisema neno lingine utapewa kiti usubiri.

#23 Fundi Pampu

Samahani nimechelewa. Na pampu mmeisahau. Pampu ya kisima ikishika hewa inazunguka tu, maji hayaji, kwa sababu haiwezi kuvuta hewa. Unafungua kizibo cha juu, unaijaza maji mpaka yafurike, unafunga, unawasha. Wateja wananishangaa: "Fundi, tunataka maji, wewe unamwaga maji?" Nawaambia mkono mtupu haulambwi. Kwenye kitabu chake hilo nalo wameandika kwa neno lenu hilohilo.

#24 Kalamu Butu

Asante fundi, na wanasiasa wa Marekani wa miaka ya 1930 waliliazima kwako: serikali kumwaga fedha ili uchumi uanze kuvuta wenyewe, waliita kuijaza pampu.

Naona niwape mrejesho, maana mwenye kazi ananisubiri. Nimekaa na orodha yote hii usiku kucha. Kosa langu halikuwa kutojua neno. Nilitafuta neno moja la Kiswahili la kusimama badala ya neno moja la Kiingereza, wakati Kiingereza chenyewe kimebeba watu wanne kwenye pikipiki moja. Kiswahili kimewapa kila mmoja usafiri wake: kisomo, fataki, kianzio, kujaza pampu. Sioni sababu ya kuwapandisha tena kwenye pikipiki.

Mstari wa tano sasa unasomeka hivi: "Ukuta ukishakauka, paka mkono mmoja wa praima. Praima huziba ukuta usinywe rangi, na huifanya rangi ishike." Ustadh Mlinzi, nimeweka "mkono mmoja" badala ya "tabaka moja" kwa heshima yako. Fundi, unapitisha?

#25 Fundi Rangi Tabata

Hapo umesema. Ila hujaandika waisubiri ikauke. Watapaka rangi juu ya mbichi.

#26 Kalamu Butu

Imeandikwa, iko ukurasa wa tatu.

#27 Fundi Rangi Tabata

Kaka. Nani anafika ukurasa wa tatu wa kopo la rangi?

#28 Kalamu Butu

Nimeipandisha mstari wa sita.